Mazao ya mwisho ya glaikesheni kwa wagonjwa waliopandikizwa figo na kongosho

Mazao ya mwisho ya glaikesheni, ambayo katika vitabu vya tiba hufupishwa AGE, ni kundi la molekuli zinazotokea sukari inaposhikamana na protini, mafuta au asidi nukleiki bila kuongozwa na kimeng'enya chochote. Yamo katika mwili wa kila mtu na huongezeka kadiri umri unavyosogea. Kwa mgonjwa wa kisukari hutengenezwa kwa wingi zaidi, na kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi hayatolewi nje ya mwili ipasavyo. Mgonjwa mwenye matatizo yote mawili huyapata kwa njia zote mbili, na ndiye hasa anayefikiriwa kupandikizwa figo, au figo pamoja na kongosho.

Makala hii inaeleza yanayotokea kwa mazao hayo baada ya upandikizaji. Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wake tangu mwaka 2017, figo zilipoanza kupandikizwa nchini humo, ingawa mgonjwa anayeishi mbali na vituo vya upandikizaji, kwa mfano katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, bado ana safari ndefu ya kuifikia huduma hiyo.

Jinsi yanavyotokea

Mwanafunzi anayetaka kuielewa glaikesheni na aanzie jikoni. Ukoko wa wali, rangi ya hudhurungi ya andazi na harufu ya korosho zilizokaangwa hutokana kwa sehemu kubwa na mmenyuko mmoja: sukari na protini vinapokutana penye joto hubadilika rangi, harufu na ladha. Mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza mmenyuko huo mwaka 1912, na hadi leo unaitwa mmenyuko wa Maillard. Jikoni huchukua dakika chache kwa sababu moto ni mkali. Mwilini, penye nyuzi 37 za Selsiasi, huchukua wiki, miezi na hata miaka, lakini kemia yake ni ya ukoo mmoja na ile ya jikoni.

Hatua ya kwanza ni glukosi kujishikiza kwenye asidi amino ya protini. Kifungo hicho ni dhaifu: kiwango cha sukari kikishuka, glukosi huweza kuachia. Baada ya siku kadhaa molekuli hujipanga upya na kuwa imara zaidi. Umbo hilo huitwa zao la Amadori. Baadhi ya mazao ya Amadori huendelea kupoteza maji, kuoksidishwa na kuungana na protini za jirani, mpaka yanakuwa AGE, na yakifika hapo hayarudi nyuma tena. AGE zinazotajwa sana katika tafiti ni karboksimethili-lisini na pentosidini. Pentosidini huunganisha nyuzi mbili za protini kama pingu, na hung'aa ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno.

Zao la Amadori linalofahamika kuliko yote ni himoglobini iliyoshikwa na sukari, HbA1c. Mtafiti Mwirani Samuel Rahbar aliitambua kwa wagonjwa wa kisukari mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa kuwa chembe nyekundu ya damu huishi takribani siku 120, kipimo hicho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Chembe ikifa, kumbukumbu yake hupotea nayo.

Si protini zote zinazokufa mapema hivyo. Kolajeni ya ngozi huchukua takribani miaka 15 kubadilishwa nusu yake, na ile ya gegedu hukaa muda mrefu zaidi, pengine kupita umri wa mtu mwenyewe. Sukari iliyozidi leo huacha alama itakayokuwamo katika kolajeni miaka mingi baadaye. Hili ndilo jambo la kushika katika makala nzima, kwa sababu linaeleza kwa nini kiungo kipya hakifuti mara moja madhara ya miaka iliyotangulia.

Madhara mwilini

AGE hudhuru kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kimwili tu: kolajeni iliyofungwa pingu hukakamaa, na kuta za mishipa ya damu hupoteza unyumbufu. Utando unaochuja damu ndani ya figo huwa mnene lakini hauchuji vizuri, na protini huanza kuvuja kwenye mkojo. Ya pili ni ya kiseli. Juu ya seli za mishipa ya damu, za figo na za kinga ya mwili kuna kipokezi kiitwacho RAGE, kilichoelezwa mwaka 1992. AGE ikitua juu yake, seli huamka kana kwamba kuna uvamizi. Uvimbe mdogo wa kudumu huanza na makovu hufuata.

Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada unaojulikana kama DCCT, ulioendeshwa kati ya 1983 na 1993 kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulifungua macho ya wengi. Kundi moja lilidhibiti sukari kwa ukali na kufikia HbA1c ya takribani asilimia 7. Lingine lilibaki kwenye takribani asilimia 9. Baada ya utafiti kwisha, viwango vya makundi yote mawili vilikaribiana. Hata hivyo, kwa miaka mingi iliyofuata, waliokuwa wamedhibiti mapema waliendelea kupata madhara machache zaidi ya macho na figo. Wataalamu huita hali hiyo kumbukumbu ya kimetaboliki. Vipande vidogo vya ngozi vilivyochukuliwa kutoka kwa baadhi ya washiriki vilionyesha kuwa AGE zilizokwama katika kolajeni ni sehemu ya maelezo yake.

Figo zinaposhindwa kazi

Figo nzima huchuja vipande vidogo vya protini vyenye AGE, huvivunja katika mirija yake na kutoa mabaki kwenye mkojo. Zikishindwa, vipande hivyo hubaki katika damu na kwenda kushikamana na tishu nyingine. Zaidi ya hayo, sumu zinazolundikana wakati figo hazifanyi kazi huchochea uundaji wa AGE mpya, hata kwa mtu asiye na kisukari kabisa. Utafiti wa Zenji Makita na wenzake uliochapishwa mwaka 1991 ulikuta kuwa kolajeni ya mishipa ya wagonjwa wa kisukari waliofikia mwisho wa uwezo wa figo ilikuwa na AGE karibu mara mbili ya ile ya wagonjwa wa kisukari ambao figo zao zilikuwa salama.

Usafishaji wa damu kwa mashine hupunguza vipande vidogo tu, tena kwa muda. AGE zilizoshikamana na protini kubwa kama albumini hazipiti kwenye kichujio, na baada ya saa chache kiwango huanza kupanda tena. Usafishaji wa kupitia tumboni una tatizo lake: maji yanayotumika huwa na glukosi nyingi, na glukosi hiyo inapochemshwa kiwandani ili kuua vijidudu huzaa kemikali zinazoharakisha glaikesheni katika utando wa tumbo.

Baada ya kupandikizwa figo

Figo mpya ikianza kufanya kazi, AGE zinazozunguka katika damu hushuka ndani ya siku na wiki chache, sambamba na kushuka kwa kreatinini. Hili lilionekana katika utafiti wa 1991 uliotajwa, na limethibitishwa mara nyingi. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1993 na kundi la Cleveland nchini Marekani, ulipima pentosidini na kukuta imeshuka sana kwa waliopata figo peke yake na pia kwa waliopata figo pamoja na kongosho. Maana yake ni kwamba kazi ya kusafisha damu ni ya figo. Kongosho haina mchango mkubwa hapo.

Kushuka huko hakumfikishi mgonjwa kwenye hali ya mtu mzima wa afya. Kuna sababu kadhaa. Figo moja iliyopandikizwa mara nyingi huchuja chini ya figo mbili za mtu mwenye afya. Akiba iliyoko kwenye kolajeni ya mishipa, moyo na ngozi iko palepale. Tena mgonjwa hutumia dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo, na baadhi yake hupandisha sukari: prednisoloni huifanya insulini isifanye kazi vizuri, na takrolimasi hudhoofisha seli za kongosho zinazoitengeneza. Kwa hiyo mtu aliyeingia chumba cha upasuaji bila kisukari anaweza kukipata baadaye. Hali hiyo huitwa kisukari cha baada ya upandikizaji, nayo hurudisha uzalishaji wa AGE pale ambapo figo mpya imeanza kuziondoa.

Wapo watu wengi wanaodhani kwamba figo mpya huponya sukari. Sivyo. Mgonjwa aliyepoteza figo kwa sababu ya kisukari na akapata figo peke yake bado ana kisukari kilekile, na utando wa figo mpya huanza kupitia njia iliyopitiwa na ule wa zamani. Kasi ya safari hiyo hutegemea sukari na shinikizo la damu. Kuacha dawa za kinga kwa sababu mtu anajisikia vizuri ni hatari ya haraka zaidi kuliko AGE, kwa kuwa mwili unaweza kukataa figo ndani ya muda mfupi.

Kongosho inapoongezwa

Kongosho ya kwanza kupandikizwa kwa binadamu iliwekwa na William Kelly na Richard Lillehei katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, tarehe 17 Desemba 1966, pamoja na figo. Tangu hapo upandikizaji wa viungo hivyo viwili kwa pamoja umekuwa tiba inayotambulika kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza ambao figo zao zimekufa. Kongosho mpya hutoa insulini kadiri mwili unavyohitaji, na mgonjwa ambaye upasuaji wake umefaulu huacha sindano.

Kwa upande wa AGE faida yake ni kuzuia mpya zisiendelee kutengenezwa kwa kasi ya kisukari. Zile za zamani haiziondoi. Ushahidi mzuri kuliko wote ulitolewa mwaka 1998 na Paola Fioretto na wenzake. Walifuatilia wagonjwa wanane wa kisukari cha aina ya kwanza waliopandikizwa kongosho peke yake huku wakiwa bado na figo zao za kuzaliwa, zilizokwisha kuonyesha madhara. Vipande vya figo vilichukuliwa kabla ya upasuaji, baada ya miaka 5 na baada ya miaka 10. Baada ya miaka 5 ya sukari ya kawaida utando ulikuwa mnene vilevile. Mtu angeweza kusema tiba haikusaidia figo kitu. Baada ya miaka 10 utando ulikuwa umepungua unene, na makovu ya ndani ya vichujio yalikuwa yamerudi nyuma.

Watafiti hao walipima umbo la figo, si AGE zenyewe, kwa hiyo haifai kusema kwamba wamethibitisha kila kitu kuhusu glaikesheni. Lakini ucheleweshaji ule wa miaka unalingana na tunachojua juu ya protini zinazoishi muda mrefu. Tishu hupona kwa kasi ambayo protini zake za zamani huvunjwa na kuwekwa mpya, na hakuna sindano ya insulini wala kiungo kinachoweza kuiharakisha sana kasi hiyo.

Upasuaji wa kongosho ni mzito kuliko wa figo, na huhitaji, kwa kawaida, kiungo cha mtu aliyefariki. Ndiyo sababu hufanyika zaidi katika nchi zenye mfumo wa kitaifa wa kupokea na kugawa viungo vya marehemu.

Kupima

Hospitali nyingi hazipimi AGE moja kwa moja. Maabara za utafiti huzipima katika damu au katika kipande cha ngozi. Kuna pia kifaa kinachomulika ngozi ya mkono na kusoma mng'ao unaorudi. Kimetumika sana Groningen, Uholanzi, kwa wagonjwa waliopandikizwa figo, na mng'ao mkubwa umehusishwa na kupotea kwa figo na vifo. Kifaa hicho hakina uvamizi wala maumivu, ila kina kasoro inayotuhusu: kwenye ngozi nyeusi mwanga mwingi humezwa na rangi ya ngozi, na matokeo huwa hayaaminiki. Namba zilizopatikana kwa Wazungu haziwezi kuhamishiwa hapa hivihivi.

Hata HbA1c huhitaji busara. Kwa mgonjwa wa figo chembe nyekundu huishi muda mfupi, naye huenda anaongezewa damu au kupewa dawa ya kuchochea chembe mpya. Chembe changa haijakaa na sukari muda wa kutosha, hivyo kipimo husomeka chini kuliko hali halisi. Selimundu pia inaweza kuvuruga majibu. Katika hali hizo daktari hutegemea zaidi vipimo vya sukari vya kila siku.

Chakula na tumbaku

AGE huingia mwilini pia kwa chakula. Makisio ya mwaka 1997 ni kwamba takribani sehemu moja ya kumi ya zilizoliwa hufyonzwa. Mtu mwenye figo nzima hutoa karibu theluthi ya zilizofyonzwa kwenye mkojo ndani ya siku chache, lakini mgonjwa wa kisukari mwenye figo zilizoharibika hutoa chini ya asilimia 5. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani AGE za chakula hudhuru zikilinganishwa na zile zinazotengenezwa ndani. Kinachokubalika ni kwamba moto mkali na mkavu huzizidisha, na maji huzipunguza. Nyama au samaki wa kuchoma na kukaanga huwa nazo nyingi kuliko aliyechemshwa. Ndimu au siki katika kiungo hupunguza pia.

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa ni za korosho, na korosho hupendwa ikiwa imekaangwa. Ina mafuta na protini, na ukaangaji huiongezea AGE juu ya zile ilizokuwa nazo. Kwa mtu mwenye afya konzi ya korosho si jambo la kuogopa. Kwa mgonjwa wa figo sababu ya kwanza ya kupunguza ni potasiamu na fosforasi iliyonayo. AGE ni sababu ya nyongeza. Upande wa pili, mapishi ya zamani ya kusini yana ahueni: ming'oko huchemshwa, mbaazi huchemshwa, samaki wa mchuzi wa nazi hupikwa kwenye unyevu. Hata hivyo chakula cha wanga, kiwe cha kuchemsha au la, hupandisha sukari kikizidi, na kipimo cha ugali kina uzito kuliko aina ya moto uliotumika. Mgonjwa wa figo asibadili mlo bila kumwuliza anayemtibu, maana mahitaji ya mtu anayesafishwa damu na ya aliyekwisha kupandikizwa hayafanani.

Moshi wa tumbaku nao hubeba kemikali zinazoharakisha glaikesheni, mbali na madhara yake mengine kwa mishipa.

Dawa

Aminoguanidini, iliyozuia AGE vizuri kwa wanyama, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari lakini haikufikia kuidhinishwa. Alagebriumi ilitengenezwa kwa nia ya kukata pingu zilizokwisha kufungwa; nayo haikufika madukani. Kinachobaki ni tiba za kawaida: kudhibiti sukari na shinikizo la damu, dawa za kulinda figo zinazopunguza protini kwenye mkojo, na kuacha tumbaku.

Tanzania, na safari ya kutoka kusini

Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Novemba 2017 kwa kushirikiana na madaktari kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata Machi 2018 ikisaidiwa na wataalamu wa Japani. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India. Huduma hizo zilianza kwa figo za watoaji walio hai, wengi wao ndugu wa mgonjwa.

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya jirani, na kutoka huko mgonjwa hupitia hospitali ya wilaya, kisha rufaa: Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini Mtwara, au Ndanda kwa wanaoona ni karibu. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Lindi mjini, na Dodoma ni mbali zaidi. Anayesafishwa damu huhitaji mashine mara mbili au tatu kwa wiki, hivyo wengi hulazimika kuhamia mjini kwa ndugu na kuacha shamba msimu wa korosho au ufuta. Baada ya kupandikizwa safari hupungua lakini haziishi: kreatinini, kiwango cha dawa katika damu na sukari lazima vifuatiliwe maisha yote.

Vipimo vinavyoweza kuchelewesha haya yote havina ughali huo. Sukari ya damu, shinikizo la damu na protini kwenye mkojo hupimwa kwa vifaa vidogo. Protini ikionekana mapema, miaka ya mlundikano bado inaweza kupunguzwa. Shida ni kwamba kisukari cha aina ya pili hukaa kimya muda mrefu, na mtu anayesema amepata "sukari" mwaka huu pengine amekuwa nayo miaka kadhaa, huku kolajeni yake ikiandika.

Hali hiyo hugusa pia mtoaji. Kisukari cha aina ya pili huenda kwa ukoo, na ndugu anayejitolea figo huweza kuwa nacho bila kujua. Kwa sababu hiyo hupimwa sukari akiwa na njaa, na mara nyingi tena saa mbili baada ya kunywa glukosi, pamoja na mkojo na shinikizo la damu. Akikutwa na kisukari kwa kawaida hakubaliwi: figo yake imekwisha kubeba AGE za miaka, na ile moja ambayo angebaki nayo ingekabili peke yake zitakazofuata. Familia huanza kutafuta ndugu mwingine, na yeye mwenyewe huanza matibabu.